Chumba cha Mtu na Mkewe

Hii ilikuwa nyumba ya wageni ya nne, zile tatu zilikuwa zimejaa, na Marselina alikuwa amebeba begi kichwani kwa sababu mkanda wake ulikatikia kwenye ile ya pili. Bintiye Yudith alishafika kaunta, anacheka na dada wa mapokezi kama vile wamesoma wote. Ndivyo alivyo Yudith. Kijiji kizima cha Ruhembe kinajua kwamba kapata kazi melini: meli ya watalii, ghorofa kumi na moja, watu wanalipa wakae majini wiki mbili wanakula tu, na yeye ndiye atakayewatandikia vitanda. Cheti cha hoteli alichosomea Morogoro kilikaa sandukuni miaka mitatu. Sasa kimepata kazi.

Gari la wakala lingempitia saa kumi na moja alfajiri pale kituo cha mafuta cha Mikumi, limpeleke Dar bandarini. Wakala alishasema kwenye simu: asiyekuwepo jina linakatwa, wapo wengine. Kutoka Ruhembe saa hizo hata bodaboda wanakataa, wanaogopa tembo. Kwa hiyo ni kulala Mikumi. Na pasipoti na vipimo vya hospitali vilishakula miwa yote ya msimu, hela iliyobaki ni ya chumba kimoja cha feni, choo cha nje.

Dada wa mapokezi, Sikuzani, alimwamkia Marselina vizuri kabisa. Kisha akawatazama wote wawili, akanyoosha kalamu ukutani. Tangazo lilikuwa limechapwa na kufunikwa nailoni: watu wa jinsia moja hawaruhusiwi kulala chumba kimoja.

Yudith akacheka. Alidhani ni utani.

"Dada, huyu kanizaa."

"Naona mnavyofanana. Ila bosi hakuandika isipokuwa mama."

Marselina akasema basi mtoto alale peke yake, yeye atakaa nje kwenye benchi mpaka asubuhi, amezoea, shambani huwa anakesha akifukuza nguruwe. Sikuzani akashusha sauti. Binti peke yake, na begi, Mikumi hii ya malori? Mwezi uliopita msako wa polisi ulipita, wakabeba wasichana wawili, mmoja mwalimu wa watu alikuwa anasubiri basi. Tangu hapo bosi hataki msichana asiye na mtu. Kule kwenye hoteli za watalii hawaulizi, lakini kule bei ni kwa dola.

"Kwa hiyo hapa analala nani?" Yudith akauliza.

"Mwanaume. Au mtu na mkewe."

"Na huwa mnaomba cheti cha ndoa?"

"Tukiomba cheti cha ndoa Mikumi, dada yangu, si tutafunga."

Kwenye kochi la mapokezi kulikuwa na mwanaume anakunywa soda. Alisikia yote. Akasimama, akampa Marselina shikamoo, akasema anaitwa Bryson, dereva wa lori la mbao kutoka Mafinga, na jambo lenyewe dogo. Aandikwe yeye. Alale binti wa watu, yeye kitanda chake kipo ndani ya lori.

"Au hunipendi, mama mkwe?"

Yudith akacheka tena. Marselina akatazama nje, giza lilikuwa linaingia, na nyumba ya tano hakuna aliyeijua. Akafungua pindo la kitenge, akatoa hela.

Sikuzani akafungua daftari. Jina, kabila, atokako, aendako, vyote vya Bryson. Chini yake akaandika mke. Yudith hakuulizwa jina. Ufunguo ulikuwa mmoja, wa namba sita, na alikabidhiwa mwanaume.

"Nikishazoea nakupigia video, mama, uione bahari yote," Yudith akasema, akachukua begi. Bryson akasema anamwonyesha chumba tu, anatoka.

Marselina akakaa nje ya geti, kwenye ndoo ya muuza chipsi, lori la mbao mbele yake. Na kweli Bryson akatoka. Akapanda kwenye lori, akazima taa. Marselina akashusha pumzi. Halafu mlango ukafunguliwa, akashuka na taulo begani na ndala mkononi. Akafunga lori, akauvuta mlango kuhakikisha. Akampita Marselina bila kumwita mama mkwe, akaingia getini.

Marselina alipoinuka, geti lilishafungwa. Mlinzi, mzee Zabron, rika lake kabisa, akachungulia tunduni.

"Namfuata mwanangu, namba sita."

"Namba sita kuna mtu na mkewe, mama."

Akamweleza kwamba yule si mume, kwamba wamejuana jioni hii hii, akamuulize dada wa kaunta. Mzee akaenda. Akarudi taratibu.

"Sikuzani ameshatoka zamu. Nimeangalia daftari. Kaandikwa mke." Alisema bila ubaya. "Mimi nigonge mlango wa mtu na mkewe, kesho nitakula wapi?"

Akamshauri akae, apumzike, alfajiri si mbali. Ilikuwa saa mbili na robo.

Marselina akashika bati la geti kwa mikono miwili, akaanza kuita. Yudith. Yudith. Akaita mpaka muuza chipsi akaacha kukaanga. Ndani, pale mapokezi, mtu akaongeza sauti ya televisheni.