Kufuli Halikuvunjwa

Skrubu ya mwisho ilikuwa na kutu, ikamgomea. Mwalimu wa chekechea akaing'ang'ania kwa ncha ya kisu cha mezani mpaka kiganja kikachubuka, ndipo mlango wa kabati ukamlalia begani, bawaba zimeachia. Upande wa pili kufuli lilining'inia palepale na lakiri yake nyekundu, zima kabisa.

Watoto themanini na watatu walikuwa wakimtazama kutoka kwenye sakafu ya saruji, magoti yamebanana. Kabati hilo walikatazwa hata kuliegemea.

Vifaa vya kujifunzia vilivyokuwa mle vilikuja kama msaada miaka miwili nyuma. Mkaguzi wa elimu akapigwa navyo picha, akavifungia, akaondoka na ufunguo. Tangu hapo vilitoka mara mbili tu, wageni walipokuja, watoto wakavishika mpaka kamera zilipozimwa. Mwalimu, aliyesomea mwaka mzima namna ya kufundisha kwa vifaa hivyo, akabaki kuwaimbisha herufi kama kwaya ya msibani. Aliandika barua tatu kuomba ufunguo. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa: akivigusa, atahamishwa. Basi, sasa amevigusa.

Alimwita mjukuu wa muuza mkaa, binti wa miaka mitano ambaye mwalimu mkuu alimwita Bubu kwa sababu hajawahi kuitikia wimbo hata mmoja.

"Njoo, mama. Nawa mikono kwanza."

Akamtandikia kipande cha gunia. "Hapa ni kwako. Hakuna wa kupakanyaga, hata mimi."

Akamwekea ubao mnene wenye matundu kumi, na vipande kumi vya mbao, kila kimoja kimechongwa kwa kipimo cha tundu lake. Alivichanganya, akavirudisha kimoja kimoja, polepole, bila neno. Kisha akainuka, akaenda zake. Ndivyo alivyofundishwa: onyesha mara moja, halafu funga mdomo.

Binti alikosea. Kipande kimoja kilibaki na hakikuingia popote.

"Amekosea!" wenzake wakapiga kelele.

Mwalimu akaweka kidole mdomoni. "Mwacheni. Mbao zenyewe zitamwambia."

Binti akaduwaa, akavitoa vyote, akaanza upya. Mara ya nne vikaingia. Hakumtazama mtu. Akavitoa, akaanza tena. Mwalimu akageukia ukutani kujifuta macho, na ilikuwa hasira zaidi kuliko furaha. Miaka miwili!

Kufikia Alhamisi walikuwa wakipokezana. Waliokosa zamu walichambua mbegu au kumimina maji chupa kwa chupa, na aliyemwaga alichukua kitambaa mwenyewe. Darasa lilitulia hata Mkuu akaja kuchungulia, akidhani watoto wametoroka. Akaona kabati. Akapiga simu.

Mkaguzi alifika kabla ya saa nne.

"Nani kavunja kufuli?"

"Kufuli hilo hapo, mzee. Halijavunjwa."

Akalitazama kufuli, akautazama mlango unaoning'inia. Mkuu akajikohoza.

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana. Nilifungua upande ambao hamkuufunga."

"Hii ni mali ya serikali! Hawa watavichakaza."

"Basi na watoto tuwafungie, wasije wakachakaa."

"Mwalimu, punguza maneno," Mkuu akanong'ona. "Una wanao nyumbani."

"Na hapa ninao themanini na watatu."

Mkaguzi akachuchumaa, kiatu chake kikatua juu ya gunia, akamnyang'anya binti vipande.

"Umekanyaga kazi yangu," binti akasema.

Mkuu akamkodolea macho. Mkaguzi hakusikia. Alikuwa akivisokomeza vipande harakaharaka, popote penye tundu, na cha mwisho kikakataa. Akakigeuza. Akakisukuma kwa kiganja, akakigonga kwa ngumi. Watoto wote walimtazama kimya. Mmoja alifungua mdomo, jirani yake akamwekea kidole. Walikuwa wakimsubiri aambiwe na mbao.

Akakitia mfukoni. Akatoa fomu: vifaa vyote vipo, vimekamilika.

"Tia sahihi. Barua ya uhamisho utaikuta ofisini. Unaondoka leo."

Mwalimu akaisoma, akaandika chini yake: *Kimoja kimo mfukoni mwa mkaguzi.* Akatia sahihi. Mkaguzi akaichana, akatoa nyingine, akampa Mkuu, naye akasaini bila kusoma.

Mwalimu alitoka na mkoba wake. Alikuwa amefika langoni aliposikia Mkuu ameshika darasa.

"Haya, wote! A!"

Kimya.

"Nimesema wote! A!"

Fimbo ikagonga meza. Hakuna aliyeitikia. Ikashuka tena, na safari hii sauti haikuwa ya meza. Mwalimu akautupa mkoba, akarudi mbio. Mlango aliukuta umekomewa kwa ndani. Akaupiga kwa ngumi zote mbili, akiita, na humo ndani fimbo iliendelea kushuka, na hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa akiimba.