Foleni ya Mishanana

Tangu Gwiza aanze kazi katika ile ofisi ya programu mtaani Rebero, bosi wake hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Chuo Kikuu. Chuo Kikuu, lete chaja. Chuo Kikuu, nani kakuruhusu kugusa kazi yangu?

Kazi yenyewe ilikuwa tovuti ya mafundi cherehani wa Biryogo, na Ntare, bosi huyo, aliiandika kwa mkono wake. Tovuti ilipanga foleni ya wateja kwa sheria zake. Ikaja programu ya simu, ikanakili sheria hizo harakaharaka. Kisha tableti ya dukani kwa mafundi, nayo ikawa na zake. Mteja akiagiza kwa simu, tovuti haina habari. Wiki moja mishanana, yale mavazi ya kike ya sherehe, ikamwangukia fundi mmoja kwa harusi tatu kwa pamoja, na Mukashema, mkuu wa mafundi, akapanda Rebero kuwaambia ana kwa ana kwamba mashine yao ina midomo mitatu na yote inasema uongo.

Gwiza alimwonea huruma hadi usingizi ukampaa. Akaona dawa ni moja: API moja kwenye seva, yaani mlango mmoja wa maombi yote, yenye foleni moja na sheria moja. Tovuti, simu na tableti zisiamue kitu. Zibishe hodi hapo, ziulize, zionyeshe jibu. Ntare alimcheka mbele ya wenzake. Lakini Mukashema alikuwa ametishia kuhama, kwa hiyo Ntare akamwachia Gwiza kazi hiyo, akaongeza kwamba siku atakayomuudhi, muda wake wa majaribio utakoma palepale na ajira aisahau.

Gwiza akaijenga, na mambo yakanyooka. Mafundi wakaacha kugombana. Kisha shemeji yake Ntare akataka mshanana wa sherehe ya Jumamosi. Ntare akafungua tovuti na kubonyeza kitufe alichokificha humo tangu zamani, cha kuwapandisha watu wake juu ya foleni. Jibu likaja: fundi amejaa.

Alimfuata Gwiza mezani. Gwiza akamweleza kwamba kitufe kimo kwenye ukurasa, na ukurasa hauamui tena.

"Basi mpandishe wewe. Kimyakimya."

"Foleni ni moja, bosi. Akipanda yeye, mwingine anashuka, na simu yake itamwambia. Tableti ya Mukashema pia."

"Ficha."

"Kuficha naweza," Gwiza alisema. "Sitaki."

Ntare akawageukia wenzao. "Mmesikia? Chuo Kikuu ana dhamira. Mwenye nyumba wako anapokea dhamira, au anataka kodi?"

Wakacheka, mmoja baada ya mwingine, macho yao yakiwa kwenye kompyuta zao. Ntare akamwondoa kitini, akaingia kwenye seva kwa neno lake la siri, akampandisha mwenyewe shemeji yake.

Hata kiti hakijapata joto, simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Mukashema, na kando yake bibi harusi kutoka Gahanga, Uwizeye, ambaye simu yake ilikuwa imemwambia kwamba mshanana wake utakuwa tayari Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Ntare aliziba simu kwa kiganja, akamsukumia Gwiza. "Waambie ni hitilafu ya mtandao. Ukisema vinginevyo, beba mkoba wako."

Mama yake Gwiza alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba binti amepata kazi. Akaiweka simu sikioni.

"Si mtandao, mama. Bosi amempandisha shemeji yake."

Uwizeye akauliza, kwa upole ulioumiza kuliko tusi, "Na yeye anaolewa?"

"Hapana. Amealikwa tu."

Huko dukani, walikoiweka simu kwenye spika, mafundi waliangua kicheko cha dharau hadi Ntare akakisikia. Sauti ya Mukashema ikapanda juu ya kicheko hicho. "Mwambie bosi wako huyo shemeji aje hapa, amuondoe bibi harusi kwenye foleni kwa mkono wake. Tunamngoja."

Ntare alimpokonya simu na kuikata. Akalirudisha jina la Uwizeye mahali pake, akipiga vitufe kama anayeua siafu. Hakumtazama Gwiza alipomwambia atoke, na kwamba kesho anarudisha tovuti yake ya zamani.

Gwiza alibeba mkoba. Nje machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Kupitia dirishani alimwona Ntare ameinama juu ya tovuti yake, akipekua ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta mahali ambapo bado panaamua kitu.