Sauti ya Nyuma ya Pua

Katika chumba cha pasi cha dobi anayefulia mahoteli, Bi Taratibu alikuwa bado kwenye shuka la kwanza wakati wenzake wameshamaliza rundo zima. Alivaa sweta, ingawa mvuke uliwatoa wengine jasho hadi visiginoni. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pua yake: "We wa shingoni! Fanya kazi!"

Wenzake wote waliitikia "Naam" na kuongeza kasi. Ni mazoea tu. Chumbani mle, anayefoka ndiye msimamizi. Shingo ya Bi Taratibu haikuitikia. Ilivimba kidogo, basi.

Sauti ilizidi kila wiki. Nyumbani mumewe, fundi viatu, aliizoea kama mtu anavyozoea redio ya jirani. Alimsugua mkewe miguu iliyokuwa baridi hata mchana, akamtania kwamba yeye alioa mke, akapewa na msimamizi wa nyongeza. Lakini moyo ulimuuma. Bi Taratibu alisinzia kijiko kikiwa mdomoni, na nywele zake zilibaki kwenye kitana. Mumewe alimpenda mno, akaogopa kumpoteza hivi hivi, anamtazama.

Msimamizi hakuwa na wasiwasi hata chembe. Aliihamishia meza ya Bi Taratibu katikati ya chumba ili sauti iwafikie wote, na mashuka yakawa yanatoka kabla ya wakati. Alipoombwa ruhusa ya hospitali, alisema wangoje msimu wa wageni upite. Akaombwa tena, akasema vilevile. Fundi viatu hakurudi kuomba. Asubuhi ya siku ya kazi alimpakia mkewe kwenye baiskeli, wakaenda.

Daktari, mama mmoja mwenye mafua, alimpapasa Bi Taratibu shingo. Sauti ilipofoka, hata daktari alikaa sawa kitini. Akaeleza kwamba chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inayoiagiza tezi ya shingo itengeneze homoni. Homoni hiyo hupita kwenye damu ikiuambia mwili mzima uende kwa kasi gani. Ikipungua, tezi ya juu hufoka zaidi.

"Sasa hii ya shingoni mbona haisikii?" aliuliza fundi viatu.

"Inasikia sana, baba. Haiwezi, imechoka. Ukiifokea unaivimbisha tu."

Akampa Bi Taratibu vidonge vya homoni ileile, ameze kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote. Kadiri damu ilivyopata homoni ya kutosha, sauti ilishuka, ikawa mnong'ono, kisha ikanyamaza. Bi Taratibu akavua sweta. Jumapili moja alimkimbiza mumewe kuzunguka nyumba kwa sababu ya utani wake, akamkamata. Fundi viatu alilia kwa furaha wala hakujificha.

Kazini, Bi Taratibu sasa alipiga pasi kwa kasi kuliko wote. Wenzake, bila sauti ya kuwafokea, walirudia mwendo wa binadamu. Msimamizi alitazama rundo la mashuka, akamwita pembeni.

"Dada yangu, huwezi kuviacha hivyo vidonge, japo msimu wa wageni tu?"

"Siwezi."

Msimamizi hakukasirika. Alisema anaelewa, afya ni muhimu. Tangu hapo, waombaji wa kazi wakija, haulizi kama wanajua kupiga pasi. Huwaomba wainue kidevu, akawapapasa shingo taratibu, na mwenye uvimbe huanza siku hiyohiyo, meza ya katikati.