Poti ya Kipsang

Kila seva, yaani programu inayojibu maombi ya simu na kompyuta nyingine, husikiliza kwenye namba yake, nasi huiita poti. Kwenye kompyuta moja, seva mbili hazikai poti moja. Ndiyo maana kakangu mdogo, Kipsang, aliandikia ofisi yetu kiprogramu cha kutafuta poti iliyo wazi. Kwa utundu wake, poti ikiwa imeshikwa kinajibu kama mtu aliye chooni: "Kuna mtu." Ikiwa wazi: "Hakuna mtu."

Ofisi ni ya Balbir, hapa Nakuru. Tunatengeneza mfumo wa kuwapa wakulima bei za viazi kwa simu. Kila mmoja wetu hujichagulia poti ya majaribio kwa kufuata mtaa wake. Sisi tuliishi Section 58, kwa hiyo Kipsang alijitwalia 8058.

Asubuhi aliyokwenda Molo kuwaonyesha wakulima alisema, "Jemu, usizime seva yangu. Nitaitumia nikifika."

Hakufika. Gari liliteleza kwenye ukungu. Tulimzika, tukanyolewa vichwa kwa matanga, nikarudi kazini. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Kujikaza gani? Sikuwa nahisi kitu, hata baridi ya kichwani.

Kila asubuhi niliuliza 8058 kwanza. Kuna mtu. Kisha nikachukua 8059, nikafanya kazi.

Nywele zilipoanza kuota, Balbir alikuja mezani pangu. "Jemutai, zile simu tulizotuma Molo zilisetiwa 8058 pekee. Weka test server hapo, wakulima wananingoja."

"Hiyo imeshikwa, boss."

"Na nani?"

Nilitazama kiti cha Kipsang. Akaelewa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Pole, beta, mwanangu. Lakini sasa tutado nini?"

Angeniambia maji yakimwagika hayazoleki, ningemrushia kibodi. Hakusema. Alivaa tena miwani yake.

Niliizima mwenyewe seva ya Kipsang. Ni amri moja fupi. Nikauliza kiprogramu chake.

"Hakuna mtu."

Hata hapo macho yangu yalikuwa makavu. Nikawasha seva yangu mpya hapo. Simu za Molo zikaanza kuingia moja moja, Balbir akamshukuru Mungu kwa sauti. Vidole vyangu, kwa mazoea, vikauliza tena 8058.

"Kuna mtu."

Nilijua ni mimi. Ndipo nikalia, mbele ya wote, na Balbir akaenda kufunga mlango wa ofisi.