Jina la Baba Mkwe

"Hebu soma hapo ulipofika," Kavindu alimwambia fundi.

Sahal, fundi wa makaburi aliyetoka Garissa akafungua kazi Kyuso bila kujua Kikamba, alifuta jasho. Simiti ya kaburi ilikuwa bado mbichi, naye alikuwa akichora herufi kwa msumari, akinakili jina kwenye kitambulisho cha marehemu. "Msimu Mbithi. Mchunga ng'ombe na mzee wa kijiji."

"Woi! Msimu? Futa hiyo!"

Kosa lilikuwa la karani mmoja wa vitambulisho, enzi mzee alipokuwa akichunga ng'ombe wa ranchi karibu na Sultan Hamud. Miaka thelathini akaitwa Msimu, naye akinung'unika: "Msimu huja ukapita, mimi nimepita wapi?" Na kesho ukoo mzima unakuja kuomba hapa. Wamkute amelazwa chini ya jina la karani?

"Sasa jina ni gani, mama?"

Hapo ndipo penye kazi. Mkazamwana wa Kikamba hataji jina la baba mkwe, na Kavindu hakuwa amelitaja miaka arobaini. Kitambulisho alikitoa makusudi, asije akaulizwa, akasahau kwamba ndicho chenye kosa. Kuandika hajui. Mumewe alishatangulia, na watoto huko Nairobi hawashiki simu.

"Ni... mtu wa kwenda porini kutafuta nyama. Kwa Kikamba."

"Niandike Mwindaji?"

"Wee! Koma kabisa!"

"Mama, jua kali, simiti inashika. Nusu saa hivi, hata tindo haitaingia."

Kavindu alilitazama kaburi. Alipojifungua pacha, mama mkwe akiwa mgonjwa, mzee huyu ndiye aliyemchotea maji wiki tatu, mtungi mgongoni, wanaume wenzake wakimcheka. "Wacheke," alisema, "wajukuu wangu waoge." Kavindu alimpenda kuliko baba yake mzazi, na heshima yake yote aliiweka katika kulinyamazia jina lile.

"Nisamehe, baba," alinong'ona. Kisha: "Musyimi."

"Umesemaje?"

"Musyimi!" Alipaza sauti hadi mbuzi wakainua vichwa. "Musyimi wa Mbithi! Andika!"

Machozi yalimtiririka asiyafute. Sahal alilainisha simiti kwa mwiko, akashika msumari, akauliza kwa upole kama kuna Y.

"Herufi sizijui," Kavindu alisema. "Lakini nitakutajia mara zote unazotaka. Mu-syi-mi."