Mkebe wa Meno

Boazi alipofika kilima cha mwisho kabla ya bonde la chumvi la Ivuna, alishuka kwenye baiskeli akatega sikio. Siku ya shule, asubuhi kama ile, makelele ya watoto yalipaswa kumfikia pale. Hakusikia kitu.

Alikuwa dresa, yaani mganga msaidizi, wa zahanati moja huko Mbozi, kijana aliyeamini kwamba mtoto hawezi kujifunza kusoma huku jino linamuuma. Miezi mitatu nyuma alikuja hapa mara ya kwanza, akaketi chini ya upenu wa shule ya misheni na kung'oa meno mabovu hadi dawa ya ganzi ikamwishia. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Ketrina, binti wa miaka tisa.

"Na mimi je, dresa?"

"Bila ganzi utanipiga teke, nibaki kibogoyo. Nikirudi, wewe wa kwanza." Akamgusa taya kwa kidole. "Sukutua kwa maji ya chumvi kila siku. Chumvi si mnayo?"

"Tunayo mpaka kwenye nywele!"

Wenzake wakaangua kicheko, pamba zikiwatoka vinywani.

Kisha watoto walidai meno yao. Huku, jino la mtoto likitoka hurushwa juu ya paa la nyumba yao. Boazi akawatania kwamba panya wa mapaani wameshiba, akayatia yote katika mkebe wa biskuti. Alitaka kumwonyesha bwana daktari wa bomani Mbeya. Barua zake tatu za kuomba ganzi hazikujibiwa. Labda mkebe ungesikilizwa. Na kweli ulisikilizwa. Daktari aliumwaga mezani, akayageuza meno moja moja, kisha akaidhinisha ganzi ya kutosha na ziara shuleni kila mwezi. Mkebe akabaki nao. Boazi alirudi akiimba njia nzima.

Sasa darasani alimkuta Mwalimu Nikodemo peke yake.

"Wamewaficha," mwalimu alisema. "Wanasema meno ya watoto wao umeyapeleka kwa Wazungu. Aliye na jino lako anakushika kinywa, anakuuguza apendavyo, ndivyo wanavyoamini."

"Ketrina yuko wapi?"

"Nyumbani. Uso umevimba, jicho limefunga."

Walikwenda. Elina, mama yake Ketrina, alisimama mlangoni, mikono miwili kwenye miimo. Hakuwakaribisha. Nyuma yake, gizani, mtoto alikuwa akipumua kwa kukoroma.

"Shikamoo, mama. Nimekuja na ganzi. Hatasikia maumivu."

"Meno ya wenzake yako wapi?"

"Bomani."

"Kayalete. Ulimgusa mwanangu taya, na baada ya hapo ndipo akaanza kuvimba. Yakirudi yote nitakufungulia."

"Mama, ni siku sita kwenda na kurudi. Hana siku sita!"

"Basi ungeyaacha hapa."

Njiani mwalimu alimvuta mkono. "Twende kwa mwene, mkuu wa bonde hili. Atatoa matarishi wawili, mtoto ashikwe, utoe usaha. Mama atalia, lakini mtoto atapona."

Boazi alisimama. Katika mawazo alimwona Ketrina amebanwa chini na wanaume, akamwona kila mtoto wa bonde lile akikimbilia porini kila asikiapo kengele ya baiskeli yake.

"Hapana," alisema. "Tukimshika kwa nguvu, hawatarudi tena shuleni."

Akapanda baiskeli, akaifuata njia ya Mbeya. Alilala kidogo, akala alichopewa njiani. Mkebe aliukuta juu ya kabati la daktari, umeshaingia vumbi.

Siku ya sita alasiri aliwaona wanawake wameketi chini nje ya nyumba ya Elina, khanga zimefungwa viunoni. Alijua kabla hajashuka. Walikuwa wamemzika Ketrina jana yake.

Asubuhi Boazi alimwaga meno juu ya mkeka, nje ya shule. Watoto walijitokeza mmoja mmoja, wazazi wao wakiwa nyuma yao.

"Hili langu, lina tundu."

"Lako? Lako lilikuwa jeusi kama masizi!"

"Masizi ni babako!"

Waligombana, wakapatana, kila mmoja akakimbia kwao na lake. Mkeka ulipobaki mtupu, Elina alikuja na binti yake mdogo, Ruti.

"La Ketrina halimo."

"Halikung'olewa, mama," Boazi alisema. "Nilimwahidi kwamba nikirudi..." Hakumwambia habari za matarishi wa mwene. Yeye mwenyewe hakuacha kuwafikiria, siku ile na miaka mingi baadaye.

Elina alimkalisha Ruti kwenye kigoda.

"Huyu naye linamuuma. Mng'oe. Ila ukishalitoa, nipe mimi, hapa." Akakunjua kiganja.

Boazi alimchoma sindano ya ganzi. Alingoja hadi taya likafa ganzi. Ruti hakulia. Boazi aliliosha jino kwa maji ya chumvi, akaliweka katikati ya kile kiganja.

Elina alikunja vidole juu yake. Wazazi wengine waliondoka, yeye akabaki ameketi palepale, macho yake kwenye mkebe mtupu.