Gia Kumi na Kabati la Mama Yake

Kabati lililoko chumbani kwangu halina mlango wa kushoto. Mahali pa mlango nimetundika pazia la turubai la kijani, nililolipinda kwa mashine yangu mwenyewe, na wajukuu wakija hulifunua wakajificha ndani, katikati ya magauni yangu. Waliokwisha kupata akili huuliza, Bibi, mlango uko wapi? Nami huwajibu: mlango ulipanda mlima, kabati likabaki chini. Hudhani natega kitendawili. Sitegi. Ndivyo ilivyokuwa, na kama kuna mtu angenisikiliza mapema katika safari ile, leo nisingekuwa na cha kusimulia, lakini pengine ningekuwa na mlango.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa nyuma, kwenye meza yangu ya kushonea, gari linapanda mlima, mama mkwe amejilaza kitandani na kanga yake usoni, na pua yangu ikanasa harufu kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kisha injini ikaanza kupiga kelele nyingi na gari likawa linakwenda kidogo, kama mtu anayekimbia ndotoni. Nikamwambia mume wangu asimame. Akasema gari limechoka tu, litazoea. Akakanyaga mafuta zaidi. Kelele zikaongezeka, mwendo ukapungua.

Sasa lazima nieleze gari lenyewe na mwenyewe.

Mume wangu aliendesha malori tangu kidevu chake hakijaota ndevu. Barabarani walimwita Gia Kumi, kwa sababu lori lake la mwisho lilikuwa na gia kumi na yeye alizipanga zote bila kuzitazama, kama bibi anayehesabu shanga gizani. Alipostaafu akapata gari-nyumba, kuukuu lakini zima, lililokuwa la wapima barabara. Lina kitanda, jiko, kabati za kuning'inia, na meza ambayo mimi niliinyakua siku ile ile nikaweka cherehani. Tukawa tunatembea nalo, trela la vitambaa nyuma, mimi nikishona na kuziba maturubai ya watu kila tulipotua. Lilikuwa nyumba yetu na karakana yangu. Kasoro yake moja, kwa maoni ya Gia Kumi, ni kwamba lilijibadilishia gia lenyewe.

Hilo lilimuuma. Mguu wake wa kushoto haukukubali kustaafu. Miezi mingi uliendelea kutafuta klachi, ukikanyaga sakafu tupu. Mtu wa gia kumi amepewa herufi nne tu za kuchagua, tena moja ya hizo ni ya kuegesha. Alisema kuendesha gari lile ni sawa na kulishwa kwa kijiko.

Na alilitunza kama alivyotunza malori. Hapo ndipo balaa lilipopata kiti. Fundi wa giaboksi, mtu mnene asiyependa maneno, alituambia mbele yangu: oili ya gia hizi haipimwi kama ya injini. Unaliendesha gari lipate joto, unaliegesha mahali tambarare, unaliacha liungurume, ndipo unachomoa kijiti, unakipangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, unapima. Mume wangu akamjibu kwamba yeye alikuwa akipima oili wakati fundi bado anatambaa. Fundi akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa, maana nilishajua hatima ya maneno yale.

Kila asubuhi basi, gari likiwa limezimwa, baridi kama jiwe la kisimani, Gia Kumi alichomoa kijiti akakuta oili imepita alama. Kila asubuhi akaguna kwamba mafundi wa siku hizi wanajaza kupita kiasi. Akaingiza mpira mwembamba, akafyonza, akatema oili nyekundu kama mtu aliyepigwa ngumi ya mdomo, akakinga kidogo ndani ya dumu. Nikimwambia, baba watoto, fundi alisemaje? Ananiambia nishike sindano yangu. Nikimwambia tena kesho yake, anasema mke ni mmoja tu lakini maneno yake ni ya wake wanne. Dumu akaniagiza nikamwage. Sikumwaga. Mshonaji hatupi hata kipande cha kiraka. Nilikaza kifuniko, nikalificha chini ya meza, nyuma ya roli la turubai.

Tungekwenda hivyo hivyo tambarare kwa tambarare, sijui mpaka lini, kama dada mkubwa wa mama mkwe asingepiga simu.

Hawa dada wawili walikuwa wamenyimana salamu tangu mume wangu hajazaliwa. Chanzo ni kabati. Baba yao, seremala, alilichonga kabati akampa mdogo siku ya kuolewa, na mkubwa akasema amedhulumiwa. Basi. Watu wazima wawili, nywele zimekuwa pamba, mmoja huku na mwingine ng'ambo ya mlima, na katikati yao kabati. Kisha siku hiyo sauti ya kizee kwenye simu ikasema, mwambie mdogo wangu macho yangu yanafunga duka. Aje nimwone wakati bado naona.

Jioni mama mkwe akasema atakwenda, na kabati litakwenda, akalirudishe mbele ya macho hayo hayo. Mume wangu nikamwambia mlima ni mkali, trela lina vitambaa, tena kabati lile ni la mti mgumu, mzigo wa wanaume sita. Akasema ameshavuta mizigo iliyokuwa na kabati elfu. Nikasema, kwa lori. Akasema, shika sindano.

Njiani mama mkwe alituchangamsha kwa vitendawili, kwa maana katika ukoo ule kitendawili ni kama deni la heshima: ukishindwa unatoa mji, na Gia Kumi tangu utotoni hajawahi kumpa mtu mji. Anaweza kukaa na kitendawili siku mbili, hali vizuri, halali vizuri, mpaka akitegue. Nililiweka hilo moyoni.

Turudi mlimani. Taa nyekundu iliwaka mbele yake, gari likasita, likarudi nyuma kidogo na trela likaanza kukaa upande. Hapo hata yeye akatafuta pa kuegemea. Kulikuwa na uwanja wa wavunja kokoto kando ya barabara, mahali palipochongwa pakawa sawa. Tukaingia kwa kuchechemea. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo azime, nami nilikwisha kuja mbele, nikaushika.

"Usizime," nikasema.

Aliniangalia kama nimemvua kofia mbele za watu. Kule nyuma mama yake anauliza tumefika, na mlinzi wa kokoto amesimama na kikombe chake mkononi, anatazama. Nilikuwa na maneno mengi sana mdomoni, baba watoto, ya asubuhi zote zile. Ningeyamwaga yote, yangekuwa kweli, na yeye angezima gari kwa hasira tu. Nikayameza. Yalishuka kama vipande vya chupa.

"Kitendawili," nikasema.

Kutoka kitandani mama mkwe akaitika kabla ya mwanawe: "Tega."

"Ninaye mtu nyumbani. Akilala, utaapa ameshiba mpaka koo. Akiamka akashika kazi, tumbo limeshikana na mgongo."

Mama mkwe akataja mvivu. Nikakataa. Akataja mlevi, nikakataa. Mume wangu aliangalia usukani tu. Gari liliunguruma polepole chini yetu, upepo wa feni ukipuliza ile harufu ya kuungua. Nikamwambia kama ameshindwa anipe mji.

"Sijashindwa," akasema.

Akashuka. Nikamsikia anafungua boneti. Akakaa huko muda ambao ungetosha kupinda shuka. Mlinzi alisogea kutaka kumshauri, akamfukuza kwa kiwiko. Kisha akaja mlangoni pangu ameshika kijiti cha oili, na kijiti kilikuwa kikavu, ncha yake tu ndiyo imelowa, tena kwa wekundu uliokwisha kuwa wa kahawia.

"Giaboksi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Likilala, oili yote inateremka kwenye karai lake la chini, unaona limejaa. Likiamka inapanda kufanya kazi." Akakitazama kijiti tena. "Na mimi nimekuwa nikimpokonya chakula mtu aliyelala."

Sikusema nilikwambia. Wanawake wanaosoma hapa wanajua hilo lilinigharimu nini. Niliinama tu chini ya meza, nikasukuma roli la turubai, nikavuta dumu. Alipoliona akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyaga reki yake mwenyewe.

Tuliliacha gari liungurume hapo hapo mpaka taa nyekundu ikazimika. Mimi nikashika faneli, yeye akamimina kidogo kidogo, tukipima, tukipangusa kwa kitambaa cha turubai laini kisichoacha nyuzi, tukimimina tena, mpaka oili ikagusa alama. Si yote iliyorudi; mdomo wake ulikuwa umetema nyingi. Lakini alipojaribu, gari lilishika. Alipojaribu na trela, likashika, likateleza, na ile harufu ikachungulia tena.

Akatoka akasema mwenyewe, bila mtu kumlazimisha: trela linabaki. Na sisi tunapanda kwa gia ya chini kabisa, polepole, hata kama tutapitwa na konokono.

Nilidhani tumemaliza. Sikumbuki kama nimewahi kuchoka na ukoo ule kama nilivyochoka dakika ile, maana mama mkwe alikwisha kaa kitako, akavaa viatu, akashika mkoba.

"Bila kabati, nishusheni nami hapa," akasema. "Nitamwambia nini? Nimekuja mikono mitupu?"

Mume wangu akaanza kumbembeleza. Mama, tutalirudia kesho. Mama, mlinzi ni mtu mwema. Mama mkwe akatikisa kichwa. Jua linakwenda zake, huko juu kuna bibi anafunga duka la macho yake, na hapa mmoja anabembeleza na mwingine amekumbatia mkoba kama mtoto wa shule aliyekataa kupanda darasa.

"Mama," nikasema, na sikuipunguza sauti. "Dada yako amekuita wewe. Hakuliita kabati."

Nilikuwa sijawahi kumsemesha hivyo. Mume wangu akatazama viatu vyake. Mama mkwe akanitazama, na macho yake yakajaa maji taratibu, na nikatamani kuyarudisha maneno yangu dumuni.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana naogopa, mkwe wangu. Kabati lingetangulia kuingia."

Nikaketi karibu naye. Baadaye akasema, basi mlango. Walau mlango wa kushoto, ule wenye kioo. Gia Kumi akachukua bisibisi, akapanda trela, akafungua bawaba za babu yake moja moja, akaubeba mlango kwa mikono miwili, tukaulaza kitandani juu ya godoro, na mama mkwe akaketi pembeni akiushika usisogee. Tulipanda mlima mzima katika gia moja. Mguu wa kushoto wa mume wangu ulitulia.

Dada mtu alikuwa ameketi kitandani kando ya dirisha, mdogo kuliko nilivyomwazia. Gia Kumi aliingia na mlango mgongoni, akamsalimu, "Shikamoo mama mkubwa," kutokea nyuma ya ubao, akausimamisha ukutani. Mama mkwe alibaki kizingitini. Yule bibi hakumwangalia kwanza. Alinyoosha mkono akapapasa ukingo wa kioo.

"Hiki kioo nilikitia mimi," akasema. "Baba alichonga kabati bila kioo."

"Najua, dada."

"Sikutaka kabati. Lile dude ningelipeleka wapi? Nilitaka kioo changu."

Nilimtazama mume wangu na mume wangu akanitazama mimi. Trela zima. Mlima mzima. Giaboksi.

"Ungesema," mama mkwe akanong'ona.

"Ungeuliza."

Mama mkwe akaingia, akaketi kitandani ubavuni kwake. Wakatazama mbele. Yule mkubwa aliinamisha kichwa, akakaza macho sana, akazitazama zile sura mbili mle kiooni.

"Mbona tumekuwa wazee wanne?" akauliza, na mdogo wake akaanza kucheka, na kulia, vyote kwa pamoja.

Ndiyo maana mlango ulibaki kule na kabati likaja kwangu. Hata macho yalipofunga kabisa, bibi yule hakukubali kioo kiondolewe mbele yake. Alisema yeye hakioni, lakini chenyewe kinamwona. Mama mkwe alikuwa akienda kila msimu kukaa naye. Nani alimpeleka, huna haja ya kuuliza.

Dada wale wawili wamelala makaburini sasa. Gari-nyumba bado tunalo, uani, chini ya turubai nililolishona. Ninapoandika haya linaunguruma, halitoki, haliendi popote, na jirani amekwisha kuchungulia juu ya ukuta kutuambia tumesahau kulizima. Hatujasahau. Gia Kumi anasubiri lipate joto. Macho yake nayo yameanza kurudisha vitu ndani ya duka, alama za kijiti hazioni tena sawasawa, na punde ataniita nikamsomee. Ataita mara moja tu, kwa sauti ya mtu asiyehitaji msaada.

Huyo, anaita.